Kurasa Tupu za Chiriku

Miaka thelathini na moja nilifanya kazi kwenye chumba cha kujalidi, katika kiwanda cha kupiga chapa. Karatasi zinatoka mashineni bado zina joto, unazikunja, unazipanga, unazishona kwa uzi uliopakwa nta, unazitia gundi mgongoni, kisha zinakwenda kwenye mashine ya kukata zisawazishwe kingo. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa matusi. Alichochukia kuliko vyote ni ukurasa mtupu katikati ya kitabu. Akiukuta, anakiinua kitabu juu chumba kizima kione, halafu anakitupa miguuni pako.

"Msomaji akifika hapa asome nini? Asome ujinga wako?"

Mimi nilitupiwa mara moja tu, mwaka wa kwanza. Sikurudia tena. Mkono wangu ulijifunza kuitambua karatasi tupu hata macho yakiwa dirishani, na nilipostaafu mkono haukustaafu.

Mjukuu wangu tulimwita Chiriku kwa sababu utotoni hakujua kunyamaza. Alipofika miaka sita, mama yake, binti yangu, alifariki, na tangu msiba ule mtoto akawa mkimya kama kabati. Jina lilibaki. Baada ya shule alikuwa akija kazini kwangu, anakaa chini ya meza ya kukunjia na kugonga mbao kwa vidole. Nilidhani anacheza. Siku moja mashine ya kukata iliharibika, ikawa inaruka pigo, na fundi hakujua imeharibikia wapi. Chiriku akatoa kichwa chini ya meza, akasema, "Inasahau la tano." Fundi akahesabu, akakuta kweli.

Huko shuleni alipata mwalimu wa fidla, na kutoka kwenye fidla akaingia kuandika muziki. Si nyimbo za kuimba. Ni muziki wa okestra: watu hamsini wamekaa na ala zao, kila mmoja na karatasi zake mbele, na hakuna anayefungua mdomo kuimba. Mjomba wake, mwanangu wa pekee aliyebaki, ana duka la vifaa vya ujenzi. Yeye hakuuelewa na hakuficha.

"Mama, huu muziki wa nani? Hauchezeki, hauimbiki. Ukipigwa harusini watu watauliza nani kafa."

"Mjomba," Chiriku akamjibu bila kuinua macho kwenye karatasi, "siku ukifa wewe nitakupigia huu, na hiyo siku utausikiliza mpaka mwisho."

Tulicheka mpaka mjomba mtu akajifuta machozi. Hatukumpinga, lakini umri ulikuwa unakwenda, na barua alizotuma huku na kule zilirudi na majibu ya heshima tu.

Halafu ikaja barua moja tofauti. Kulikuwa na warsha ya kimataifa, wiki mbili, katika mji wetu huuhuu. Walimu wanatoka nchi mbalimbali, watunzi vijana kumi na wawili wamechaguliwa, na Chiriku ni mmoja wao. Watafundishwa namna ya kuishi kwa kazi hii: kuwaandikia wakuu wa okestra, kusimama mbele za watu, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Siku ya mwisho okestra kamili itapiga kazi ya kila mmoja, dakika ishirini tu, na itarekodiwa. Kwa kusikiliza rekodi hizo, walimu watamchukua mtunzi mmoja akafanye kazi na okestra ya nje miaka miwili. Mwisho wa umri ni miaka ishirini na minane. Chiriku alikuwa anatimiza ishirini na tisa mwezi uliofuata.

Mjomba aliisoma barua ile mara mbili. Akaikunja.

"Sawa. Nenda, na nakuombea. Lakini tukubaliane, mwanangu. Hii ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, kaunta inakungoja. Mimi magoti yamechoka kusimama."

"Ikishindikana nakuja, Mjomba. Sitakuwa na pengine pa kugonga."

Alirudi siku ya kwanza macho yanang'aa. Alitusimulia habari za kondakta, mama mrefu mwenye nywele fupi nyeupe, ndiye atakayeiongoza okestra na ndiye mkuu wa walimu.

"Kondakta?" mjomba akadakia. "Na nauli anakusanya nani?"

"Kwa huyu utalipa mwenyewe kabla hajakuomba. Leo kachukua karatasi za mwenzetu zilizobanwa kwa pini za ofisini, kazinyanyua hivi, kaziachia zikaanguka. Eti vijitabu vya wapiga ala ndivyo jina la mtunzi. Mpiga ala hakujui wala hajui shida zako, anaijua karatasi iliyo mbele yake. Kasema hataki kusikia mashine iligoma au nani alikosea. Kosa likionekana kwenye kijitabu ni la mtunzi, hata angelifanya nani."

"Na zako utazibanaje?" nikamuuliza.

"Wengine wanatumia gundi ya utepe."

"Utepe!" Nilihisi kutukanwa. "Mimi nikiwa hai, kazi yako ibanwe kwa utepe? Niletee."

Niliichukua mwenyewe ile kazi. Hakuniomba.

Karatasi zilikuja siku mbili kabla ya siku ya okestra, mafungu ishirini na manane. Duka la kopi lilikuwa limechapa upande mmoja tu wa karatasi, kwa hiyo ilinibidi nizibandike mgongo kwa mgongo, kisha niziunge kwa vipande vya kitambaa chembamba, kisha nizishone ili kila kijitabu kikifunguliwa kilale chini bila kujikunja. Chiriku alikuwa hajalala kitandani siku tatu. Macho yamemvimba. Aliyapanga mafungu mezani, akasema, "Bibi, kila fungu liko tayari. Wewe usipange kitu, shona tu." Akajilaza kwenye kiti kirefu na viatu vyake. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa sebuleni, na mtoto amelala kama aliyetupwa.

Nikaanza. Fungu la kwanza, mkono ukaikuta: karatasi tupu. Nikaangalia namba za kurasa. Moja, tupu, mbili, tatu, nne, tupu, tano. Namba zinafuatana, ile tupu haina namba. Nikasema moyoni, hawa wa duka la kopi, mashine yao imevuta karatasi mbilimbili. Fungu la pili hivyohivyo. Nikamtazama Chiriku. Nikafikiria kumwamsha. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo kama alipokuwa mdogo. Nikaona ya nini kumkatiza usingizi kwa ujinga wa watu wa kopi, wakati mimi ninajua la kufanya?

Nikazitoa zote. Arobaini na moja. Nikaziweka pembeni kwa sababu karatasi nzuri haitupwi. Nikabandika, nikaunga, nikashona. Siku ya pili nikakata kingo kwa kisu na rula ya chuma, nikaandika kila jalada jina la ala kwa mwandiko wangu wa taratibu: Filimbi ya Kwanza. Fidla ya Pili. Chelo. Chiriku aliamka, akaenda darasani kwake, akarudi jioni akakuta vimeshapangwa kwenye sanduku kama matofali. Akafungua kimoja, jalada tu, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Bibi, hivi wataogopa hata kuvigusa."

"Waviguse. Havikatiki hivyo."

Asubuhi akavipeleka, saa nne ndiyo mwisho wa kupokea.

Siku ya okestra jamaa waliruhusiwa kukaa nyuma. Nilivaa gauni langu la kanisani. Mjomba alifunga duka, jambo ambalo halifanyi hata akiugua. Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vya kukunja, vipaza sauti vinaning'inia kwa nyaya, na pembeni chumba cha kioo alimokaa fundi wa kurekodi. Juu ya kioo taa nyekundu. Ikiwaka hakuna kukohoa. Chiriku alikuwa kiti cha mbele kabisa, kitabu chake kikubwa chenye nota za wote kimefunguliwa mapajani. Wa kwanza akapigiwa, wa pili, wa tatu. Wa nne ni yeye.

Taa ikawaka. Kondakta akainua mikono.

Kwanza ni ngoma ndogo na chelo, chini kabisa. Pigo, pigo, pigo, pigo, halafu kimya mahali pa la tano. Mjomba akaniegemea.

"Mama," akanong'ona, "hii si ile mashine ya kwenu?"

Ilikuwa yenyewe. Na yeye pia aliwahi kunisubiri mle chumbani akiwa mtoto. Fidla zikaingia kama karatasi zinavyokunjwa, fya, fya, fya. Nilishika mkono wa mwanangu. Miaka thelathini na moja, nilidhani hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Kisha filimbi ikatoka peke yake. Wengine wote wakashuka, ikabaki ile sauti nyembamba inapanda, inapanda, na ukumbi mzima umeinua kidevu. Ghafla ikakatika. Nikamwona mpiga filimbi, kijana mnene mwenye miwani, amenyoosha mkono kwenye stendi inayoshika kijitabu chake, anageuza ukurasa. Alipoirudisha filimbi mdomoni wenzake walishapita. Nyuma yake mwingine anageuza. Upande wa fidla nusu yao wameshusha vijiti vya kupigia, wanageuza. Nusu nyingine wakapotea. Ngoma ikaendelea peke yake kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba isiyo na watu, ikanyamaza.

Kondakta akashusha mikono. "Mna nini?"

"Hakuna mahali pa kugeuza," akasema wa filimbi. "Mikono yangu miwili iko hapa. Wa tatu niazime kwa nani?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walicheka tu.

"Kwangu pia!" akasema wa chelo. "Kila ukurasa unaishia katikati ya pigo."

"Chomoeni kurasa mzitandaze," akasema kondakta.

Wa filimbi akashika ukurasa, akavuta. Akavuta tena. Akainuka kwenye kiti, akaweka goti kwenye stendi, watu wakazidi kucheka. "Uzi gani huu? Haukatiki!"

Katika maisha yangu sikuwahi kujutia mshono imara mpaka siku ile.

Kondakta akageuka. "Vijitabu hivi kavipanga nani?"

Chiriku akasimama. Alikuwa na kijitabu kimoja mkononi, kakichukua kwenye stendi ya jirani, anakifungua na kukifunga, anakifungua na kukifunga. Nilimwona anavyotazama mahali ambapo kitu kilipaswa kuwepo. Akajua. Hakugeuka nyuma kunitazama.

"Mimi," akasema.

"Nilisema nini siku ya kwanza?"

"Ulisema ndilo jina langu."

"Kaa. Tunaendelea. Saa haisimami."

Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu mpiga filimbi alijitahidi kukariri, akakosea, na kwenye ule upandaji akatoa mlio kama wa birika. Taa nyekundu ikazimika. Dakika ishirini zimekwisha, anaitwa wa tano.

Mpaka hapo mimi nilikuwa sijaelewa bado. Nilijua kuna kitu kimeharibika na uzi wangu umo ndani, lakini nilidhani labda nimeshona mno. Walipopumzika, nikaenda kwenye korido walikokuwa wanakunywa chai. Mzee mmoja wa fidla, mwenye mvi kandokando ya masikio, alikuwa ameshika kijitabu anakigeuzageuza kama mtu anayechunguza kiatu kizuri.

"Shikamoo, mwenzangu," nikamwambia, kwa kuwa sikujua ni nani mkubwa.

Akacheka. "Marahaba, dada, japo sijui kama ni haki yangu. Wewe ni nani kwake?"

"Bibi yake. Naomba unieleze. Kimeharibika nini?"

Akanieleza taratibu, mtu muungwana. Akaniambia mpiga ala hageuzi ukurasa akiwa anapiga. Anageuza akiwa kwenye pumziko. Kwa hiyo mtunzi anapopanga, kama pumziko liko mwisho wa ukurasa wa nne, basi ukurasa huo lazima ukae upande wa kulia, mtu ageuze hapo. Na kama kwa mpangilio utaangukia kushoto, anaacha ukurasa mmoja mtupu kabla yake, kusudi uusukume. "Karatasi tupu kwetu si tupu," akasema. "Ni nafasi ya mkono. Mjukuu wako kasahau kuziweka. Ajabu, maana nota zake zinaonyesha alijua, mapumziko yote kayaandika mahali pake. Inasikitisha. Mshono mzuri hivi sijauona."

Niliinamia mkoba wangu kutafuta leso. Nikatoa karatasi. Asubuhi ile, kabla hatujatoka, nilikuwa nimechukua moja kati ya zile arobaini na moja nikaandika vya kununua tukirudi: sabuni, uzi, mkate. Nilisimama nayo mkononi kwenye korido ile. Yule mzee akaitazama, akanitazama mimi. Aliweka kikombe chake chini pole pole akaondoka.

Nilimkuta Chiriku kwenye ngazi za nyuma, amekaa.

"Nakwenda kwa kondakta," nikamwambia. "Nitamwambia ni mimi. Nitamwambia uliniambia nisipange kitu na nikapanga. Nitapiga magoti."

"Bibi, kaa."

"Sikai."

"Kaa, Bibi. Tafadhali." Akanishika mkono akanivuta nikakaa kwenye zege. "Ukimwambia, atajua vitu viwili. Kwamba vijitabu vimeharibika, hilo analijua. Na kwamba nilimpa mtu mwingine jina langu alishike na sikukagua. Sikukagua, Bibi. Nilifungua jalada tu."

"Uliniamini."

"Ndiyo."

"Ilinipasa nikuamshe."

"Ndiyo," akasema tena, na sauti yake haikuwa na hasira ndani, na afadhali ingekuwa nayo.

Nilikaa. Nimezoea kungoja, watu husema nina subira, na siku ile sijui ilikuwa subira au woga. Sikwenda kwa kondakta.

Jioni wakataja jina, kijana wa watu aliyekuwa wa saba, ambaye vijitabu vyake vilibanwa kwa utepe. Kila mmoja akapewa na karatasi ya maoni. Chiriku aliisoma akampa mjomba, mjomba akaisoma akaikunja, lakini nilimnyang'anya. Kondakta aliandika mistari miwili. *Una sikio ambalo sijalikuta kwa mtunzi wa umri wako. Mikono yako haijawa ya kuaminiwa.*

Mikono yenyewe ilikuwa imeishika karatasi ile.

Mjomba hakuchelewa wala hakusukuma. Jumatatu Chiriku alivaa koti la bluu la duka na kwenda naye. Anapima misumari, anaandika risiti, anajua saruji ipi inashika na ipi imelala ghalani mno. Wateja wanampenda. Mjomba anasema tangu aje, hakuna mzigo uliokosewa hata mmoja. "Anakagua kila kitu mara mbili, Mama. Mpaka wateja wanalalamika." Anasema kwa kumsifu, na mimi naitikia. Nilichokiona ni kwamba vidole vyake havigongi tena. Mezani anaviweka pamoja, kama vitu vya kuazima.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, yule mzee wa fidla aliniletea kazi. Okestra ilitaka kazi ya yule kijana aliyeshinda ijalidiwe vizuri, iwekwe kwenye maktaba yao, naye alikuwa ameukumbuka mshono. Nilitaka kukataa. Chiriku ndiye aliyesema, "Pokea, Bibi. Ni kazi nzuri." Nikapokea. Fungu la kwanza, mkono ukaikuta karatasi tupu, ukataka kuitoa wenyewe. Niliushika kwa mkono wa pili. Niliziacha zote mahali pake, nikashona, nikazipeleka, na wakasema asante sana.

Baada ya hapo nilichukua sanduku la vijitabu vya Chiriku lililokuwa chini ya kitanda changu. Nilianza kufumua. Uzi ule haukatiki kwa mkono, unahitaji wembe na mwanga, kwa hiyo nilifanya mchana tu, karibu na dirisha, kimoja kwa siku, wakati mwingine nusu. Kubandua gundi bila kuchana nota kunataka mvuke wa birika na moyo mtulivu. Niliziweka zile tupu pembeni, nikawa nazirudisha moja moja kwa kufuata mapumziko, kama yule mzee alivyonifundisha. Sijui nota, lakini alama ya pumziko refu niliijua, ni kama kijiti kilicholala.

Jana Chiriku alirudi mapema, mikono ina vumbi la saruji. Akanikuta na kile cha filimbi. Nilikuwa sijamwambia. Alisimama mlangoni, nikangoja aniambie niache.

Akaja, akainama juu ya bega langu bila kugusa kitu.

"Hiyo tupu ya pili, Bibi. Inakaa baada ya wa nne, siyo kabla."

"Hapa?"

"Hapo."

Akaenda kunawa. Nilisikia maji yanamwagika, na nilitega sikio kwa kitu kingine, kwa vidole kwenye ukingo wa beseni. Maji yakafungwa. Akaenda chumbani kwake, akarudisha mlango.

Leo nimemaliza. Arobaini zilikuwa safi. Ya arobaini na moja ina sabuni, uzi na mkate kwa mwandiko wangu. Sikuwa na nyingine ya aina ile, kwa hiyo nimeitia hiyohiyo kwenye kijitabu cha filimbi, baada ya ukurasa wa nne, upande ulioandikwa nimeubandika ndani usionekane. Vyote vimerudi sandukuni. Vinageuka vizuri.